Sura ya Saba: Mpira Uko Wapi?

Daladala ya Mbagala Rangi Tatu imesimama Mtoni kwa Aziz Ali, na foleni ya Kilwa Road haina dalili ya kusogea. Siku nyingine, gari likikwama hivi, abiria wangekuwa wameshamgeukia dereva: kwa nini ulipakia muda mrefu hivyo, kwa nini hukuiwahi taa. Leo kimya. Simba na Yanga wako uwanjani, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na redio ya gari imewashwa.

"Konda, mwambie dereva aongeze sauti," anasema mama mmoja aliyepakata mfuko wa sokoni.

Sauti inaongezwa. Maneno ya mtangazaji yanakimbizana: mpira umenyang'anywa katikati, umetanuliwa pembeni kulia, krosi inakuja. Pikipiki inapita dirishani ikinguruma, na kijana wa siti ya nyuma anapitwa na maneno mawili matatu. Anainuka nusu, uso umemkaza.

"Mpira uko wapi?"

"Umetoka. Kona," anajibu mzee wa siti ya mbele bila kugeuka.

Mzee hana televisheni mbele yake. Ana kioo cha gari, na nyuma ya kioo kuna lori la saruji. Lakini amejibu kama mtu aliyekaa jukwaani, kwa sababu kuna mwenzake aliyekaa huko kwa niaba yake. Sura hii ni ya huyo aliyeko jukwaani. Nimezungumza na watangazaji wa mpira na kuwasikiliza kwa miaka mingi, na kila nilipojaribu kuieleza kazi yao nimerudi kwenye swali la yule kijana wa siti ya nyuma. Anayeweza kulijibu kabla halijaulizwa, dakika 90 mfululizo, ni mtangazaji. Asiyeweza, hata awe na sauti ya dhahabu, bado anajifunza.

Swali hilo lina umri sawa na kazi yenyewe. Januari 1927 BBC ilitangaza mchezo moja kwa moja kwa mara ya kwanza: raga, England na Wales, pale Twickenham. Mtangazaji alikuwa Teddy Wakelam, mchezaji wa zamani wa raga ambaye hakuwa amewahi kufanya kazi hiyo, maana pale BBC hakuna aliyekuwa amewahi. Ili kumsaidia, walimketisha mbele yake mtu asiyeona, wakamwambia: msimulie huyu. Wiki iliyofuata, tarehe 22, ikawa zamu ya mpira wa miguu, Arsenal na Sheffield United. Jarida la Radio Times lilichapisha ramani ya uwanja uliogawanywa miraba minane yenye namba. Msikilizaji aliiweka ramani mapajani, na msaidizi wa mtangazaji akawa anataja namba ya mraba kila mpira ulipohama. Kwa hiyo tangu siku za kwanza kabisa watu walijua tatizo liko wapi. Wasikilizaji hawakulilia mbwembwe. Walitaka kujua mpira uko wapi.

Sisi hatukuwa na ramani za magazeti, tulikuwa na lugha. Mtangazaji wa Kiswahili alijenga uwanja kwa maneno. Alianza kwa kutuambia timu gani inashambulia goli la kusini na ipi la kaskazini, kisha akatukabidhi alama nyingine moja moja: wingi ya kulia, wingi ya kushoto, duara la katikati, nje kidogo ya kumi na nane, kibendera cha kona. Msikilizaji wa Temeke aliyezoea matangazo alikuwa na uwanja mzima kichwani. Ukisema "kumi na nane" hahitaji kuelezwa kwamba ni yadi, wala kwamba hapo ndipo moyo unapoanza kudunda.

Na ilikuwa lazima awe nao kichwani, kwa sababu kwa muda mrefu hapakuwa na mahali pengine pa kuuona. Matangazo ya redio Dar es Salaam yalianza 1951. Mwaka 1965 kituo kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambacho mrithi wake leo ni TBC Taifa. Zanzibar ilipata televisheni 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Hesabu mwenyewe: kwa zaidi ya miaka 40, mtu wa Bara aliyekuwa nje ya uwanja aliupata mpira kwa sikio.

Muulize mzee yeyote wa Keko au Magomeni kuhusu bao la Peter Tino kule Ndola, Zambia, Agosti 1979, lililoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 nchini Nigeria. Atasimama, ataonyesha kwa mkono mpira ulikopita, pengine ataonyesha na kipa alivyoanguka. Muulize kuhusu Simba waliofungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa nyumbani mwaka huohuo wa 1979, wakaenda Zambia wakashinda 5-0. Atakusimulia mabao kwa mpangilio. Mzee huyo hakuwahi kukanyaga Zambia, na televisheni haikuwapo. Kumbukumbu anayoishika kama yake iliwekwa kichwani mwake na watu waliosimulia.

Majina yao wazee wanayataja kama wanavyowataja wachezaji. Ahmed Jongo. Charles Hilary. Tido Mhando kabla hajawa mkuu wa mashirika. Upande wa Kenya, Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa Freretown, Mombasa, aliyefariki Februari 2025 baada ya miongo mingi ya kusikika akitangaza mpira na kuuliza kila wiki, katika kipindi chake, kama huu ni uungwana. Na wapo mashabiki waliokwenda Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, na redio ndogo wameibana sikioni. Wanaona kwa macho yao, na bado wanataka kusimuliwa. Jambo hilo lilinishangaza nilipokuwa mdogo. Siku hizi nalielewa, na nitalirudia.

Kwanza lugha, maana hapo ndipo watangazaji wetu walipoacha alama ambayo haitafutika.

Mpira wa miguu ulifika kwetu na maneno yake ya Kiingereza. Mengine tuliyachukua tukayavalisha kanzu: goli, kona, penalti, refa. Lakini angalia lile gogo la juu la goli. Mtangazaji angeweza kuliacha lilivyo. Badala yake, mpira ukigonga pale, tunasikia umegonga mtambaa panya. Neno hilo si la uwanjani. Ni la nyumba. Katika ujenzi wa asili, mtambaa panya ni mti unaolazwa juu ya ukuta kubeba paa, na kila aliyelala chini ya paa la makuti anajua usiku nani hupita juu yake. Yupo mtu aliyetazama goli, akaona milingoti miwili na mti uliolala juu, akaona nyumba. Tangu hapo kila mtoto wa Kiswahili, hata aliyezaliwa kwenye nyumba ya bati na matofali huko Tegeta, anajua mtambaa panya ni nini. Nyumba za makuti zinapungua mjini, na neno lake linaishi kwenye mpira.

Orodha ni ndefu. Dakika za mwisho ni za lala salama. Mwamuzi ni pilato, na anayelijua jina hilo lilikotoka anajua uzito wa kuhukumu mbele ya umati. Mpira ukipita katikati ya miguu ni tobo, ukipitishwa juu ya kichwa cha mtu ni kanzu. Wachezaji nao walibatizwa, jukwaani, magazetini na redioni kwa pamoja: Sunday Manara akawa Kompyuta wakati ambapo wengi wa waliomshangilia hawakuwa wamewahi kuiona kompyuta, Mohamed Hussein akawa Mmachinga, na katika zama zetu Clatous Chama kutoka Zambia akawa Mwamba wa Lusaka. Jina la utani humfanyia mtangazaji kazi kubwa. Kwa neno moja msikilizaji anajua nani ana mpira na atarajie nini.

Nilipotafuta mfano wa jambo hili nje ya kwetu, niliupata mahali nisipopategemea, kwenye barafu. Kanada wana hoki inayochezwa kwa viatu vya kuteleza, na utangazaji wake ni mgumu kuliko wa mpira wetu: vipindi vitatu vya dakika 20, wachezaji wanaingia na kutoka mchezo ukiendelea, na kinachopigwa ni kisahani kidogo cheusi kinachopotea machoni. Mmoja wa waasisi wa kazi hiyo, Foster Hewitt wa Toronto, alianza 1923 akiwa ndani ya kibanda kidogo cha kioo kilichojaa ukungu wa pumzi yake, akitangazia kwenye simu. Kwa vizazi vingi hoki ilisikika kwa Kiingereza na Kifaransa. Kisha 2008 yakaanza matangazo kwa Kipunjabi, na kijana Harnarayan Singh, mzaliwa wa Alberta, akawa sauti yake. Walikabili tatizo lilelile la mtambaa panya: kile kisahani kiitweje? Wakaingia jikoni. Wakakiita tikki, kama kile kiazi kilichopondwa na kukaangwa kikiwa bapa. Mwaka 2016 Nick Bonino wa Pittsburgh Penguins alipofunga bao kwenye fainali, Singh aliliimba jina lake mfululizo mpaka dunia nzima ikageuka kumsikiliza. Bibi wa Kipunjabi aliyehamia nchi ya theluji, asiyejua Kiingereza, akawa anaujua mchezo wa nchi yake mpya.

Sisi pia tunayo barafu kidogo. Tangu 2005 upo uwanja mdogo wa kuteleza ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi. Ice Lions wa Kenya wanachezea hapo. Mwaka 2018 walisafiri hadi Kanada, na Septemba 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Siku itafika mtu atautangaza kwa Kiswahili, na atahitaji jina la kisahani. Ushauri wangu ni aende vichochoroni, si kwenye kamusi. Watoto wa Tandika na Manzese wamechezea vizibo vya soda sakafuni tangu soda zianze kuuzwa. Kizibo ni cha duara, ni bapa, kinateleza. Jina lipo tayari, linasubiri mtangazaji.

Sasa nirudi kwa yule mwenye redio sikioni ndani ya uwanja.

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa 2007, unachukua watu 60,000, na uko katikati ya makazi ya Temeke. Siku ya mechi kubwa, nenda kwenye kibanda umiza chochote upande wa Chang'ombe. Watu wamebanana kwenye mabenchi, macho kwenye skrini. Kwenye skrini mpira uko katikati ya uwanja, kiungo anautuliza. Ghafla mngurumo unatoka nje, unapita juu ya mabati. Uwanja umelipuka. Picha inayopanda hadi setilaiti na kushuka kwenye king'amuzi inachelewa sekunde kadhaa, lakini sauti ya watu 60,000 haihitaji king'amuzi. Kibandani kila mtu anajua tayari: goli. Wengine wameshasimama. Kwenye skrini kiungo ndiyo kwanza anatoa pasi.

Mtu angedhani hapo kazi ya mtangazaji imekwisha. Habari imeshafika bila yeye. Lakini tazama: hakuna anayeondoka, hakuna hata anayezungumza. Wote wanageukia skrini na kutulia, wanasubiri kuambiwa. Sauti inapanda taratibu, inamfuata mchezaji hadi ndani ya kumi na nane, na inapopasuka, ndipo kibanda nacho kinapasuka, kwa goli ambalo kila mmoja alilijua. Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wa redio sikioni. Kujua kwamba goli limeingia hakutoshi. Tunataka mtu mwenye macho mazuri na maneno mazuri athibitishe kwamba tulichokiona ndicho kilichotokea, ili kesho kijiweni tuwe na maneno ya kukisimulia.

Televisheni imebadilisha uzani wa kazi hii. Azam TV ilipoanza 2013 na kuingiza ligi yetu sebuleni, ilizaa kizazi kipya cha watangazaji, na Baraka Mpenja ni mmoja wa wanaojulikana zaidi kati yao. Hawa hawana haja ya kusema mpira uko kulia, picha inasema. Wanapamba, wanapandisha, wanaita. Ni sanaa halali na nzito. Kinachonisumbua ni redio inapoiga televisheni. Nimekaa mara nyingi na redio nikasikia mpira umeingia ndani ya kumi na nane, na hapohapo mtangazaji akakatiza kusoma tangazo la biashara, au akaanza stori ya usajili wa mwaka jana. Aliporudi, mpira ulikuwa golikiki, na mimi sijui ulifikaje. Msikilizaji wa redio akiachwa hivyo hana pa kushika. Amefumbwa macho.

Mtangazaji mmoja mkongwe wa besiboli wa Marekani, Red Barber, aliweka mezani kisaa cha mchanga cha dakika tatu cha kuchemshia mayai. Mchanga ukiisha anataja matokeo, anakigeuza. Alijua kwamba kila dakika kuna mtu anayewasha redio sasa hivi, na huyo naye ni mgeni wake. Ningependa kila kijana anayetaka kazi hii awe na kisaa chake.

Vijana wanaoitaka ni wengi. Huniuliza njia iko wapi, nami huwajibu kwamba huanzia mchangani. Kinondoni na Temeke zina viwanja vingi vya vumbi, na mashindano ya ndondo hayaishi. Ndondo Cup ya Shaffih Dauda iliyapandisha hadhi, lakini hata yale ya kugombea mbuzi yana spika na kipaza sauti. Hapo unajifunza bila karatasi ya vikosi, wachezaji hawana majina mgongoni, na mashabiki wanakusikia palepale na wanakusahihisha palepale. Nyumbani, zima sauti ya televisheni, tangaza mwenyewe, jirekodi kwa simu, kisha sikiliza ukiwa umefumba macho. Ukipotea, msikilizaji wako amepotea zamani.

Kazini penyewe siku huanza mapema. Orodha ya wachezaji hutoka kama saa moja kabla ya mechi, na kwa saa hiyo mtangazaji hujifunza jezi, mwendo, hata mtindo wa nywele, maana kutoka kibanda cha watangazaji kule juu namba haionekani kila mara. Majina ya kigeni hayakisiwi. Ligi yetu ina watu kutoka Burkina Faso, Ivory Coast, Kongo, na njia ya heshima ni kumwuliza mchezaji mwenyewe mama yake humwitaje. Koo hulindwa kwa maji ya uvuguvugu na tangawizi, na sauti hutolewa tumboni, si kooni, la sivyo dakika ya 70 inakukuta umekauka.

Na kuna mzigo ambao Hewitt wa Toronto hakuubeba kama tunavyoubeba sisi: Simba na Yanga. Mashabiki hupima urefu wa kelele. Goli lao ulilivuta pumzi nzima, letu umelitaja kama taarifa ya msiba. Kila mtangazaji ana timu aliyoipenda utotoni, na kila mtaa unadai kuijua. Waliodumu ni wale waliojifunza kuupenda mchezo kwa sauti, na timu kimyakimya.

Kipato nacho nikiseme wazi. Wachache huajiriwa kwa mshahara wa uhakika. Wengi hulipwa kwa mechi, na mwezi ambao ligi imesimama hujazwa na ushereheshaji wa harusi na kurekodi matangazo. Lakini kazi hii ina ngazi ndefu kwa anayeiheshimu lugha. Tido Mhando alitoka kwenye mpira wa RTD, akaja kuiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha TBC, kisha Azam Media. Juma Nkamia aliingia Bungeni na kuwa naibu waziri. Charles Hilary alipita Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam, na alipofariki Mei 2025 alikuwa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Zanzibar. Anayeweza kumwonesha mtu uwanja asiouona anaweza kumweleza mambo mengi.

Nimalizie kwenye vumbi, Temeke, Jumamosi moja ya ndondo. Kijana alikuwa na kipaza sauti, spika imefungwa juu ya guta. Alikuwa na sauti nzuri na alijua hivyo. Alimsifu mfadhili, akamsifu diwani, akatania kipa, watu wakacheka. Nyuma ya umati, mama mmoja alikuwa akikaanga mihogo, mgongo wake kwa uwanja, macho kwenye karai la mafuta. Alivumilia kwa muda, kisha akapaza sauti:

"We mwanangu! Mpira uko wapi?"

Watu walicheka. Kijana hakucheka. Alitazama uwanja, kisha akamtazama yule mama, nadhani kwa mara ya kwanza. "Upo kwa namba saba, mama," akasema kwenye spika. "Anakuja kushoto. Upande wako."

Kuanzia hapo alitangaza. Namba saba alimpiga chenga wa kwanza, wa pili akamtegea, akaingia ndani. Mama aligeuza mihogo bila kuinua kichwa. Shuti lilipotoka, kijana alilifuata hadi mwisho, na mpira ulipotikisa nyavu nilikuwa namtazama mama, si goli. Alikuwa ameshainua kijiko cha matundu juu, mafuta yakichuruzika, mgongo wake bado kwa uwanja.

Alikuwa ameliona.